Riyadh mwezi wa Januari: dhana potofu kuhusu mavazi ya jangwani

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari huondoka akitokwa jasho, na kichwani ana picha ya mchanga unaochoma nyayo. Kwa Riyadh ya Agosti picha hiyo ni sahihi kabisa. Kuanzia Desemba hadi Februari ndiyo inayomponza.

"Jangwani hakuna baridi"

Januari mjini Riyadh, joto la mchana hufika wastani wa nyuzi 20 za Selsiasi, na alfajiri hushuka hadi kwenye 9 hivi. Zipo siku ambazo kipimo hukaribia sifuri. Usiku wa Julai jijini Nairobi ni nyuzi 11 au 12, kwa hiyo mtu wa Limuru au Njombe huenda ana kila anachohitaji kabatini. Mtu wa pwani itabidi anunue.

Jiji liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na pwani ya Ghuba iko mbali, karibu kilomita 400. Kwetu pwani, bahari na mvuke uliojaa hewani ndivyo vinavyozuia usiku usipoe sana. Riyadh hewa ni kavu na mawingu ni machache, kwa hiyo joto ambalo ardhi imelipata mchana hupaa angani jua likishazama, na hakuna cha kulirudisha. Saa za kule ni sawa na zetu, hivyo ratiba ni rahisi kuishika: joto la juu ni saa 9 alasiri, jua huzama kati ya saa 11 na saa 12 jioni, kufikia saa 2 usiku watu wameshaanza kujikunyata, na baridi yenyewe hasa ni saa 12 na nusu asubuhi, jua linapochomoza.

"Basi nabeba koti moja zito, kazi imekwisha"

Koti hilo utalivaa asubuhi, na saa 8 mchana utatembea nalo mkononi kama mzigo. Nyuzi 20 chini ya jua la jangwani si baridi hata kidogo. Kinachotakiwa ni nguo tatu zinazovaliwa moja juu ya nyingine na kuvuliwa moja moja.

Ya ndani iwe fulana nyembamba inayokauka haraka, au ya sufu nyepesi. Hapa wengi hukosea kwa kuvaa pamba nzito: hunyonya jasho la mchana, jua likizama bado ina unyevu, na unyevu huo ndio unaokutetemesha ukiwa umekaa mgahawani nje, kule Diriyah, mji wa kale ulio kandoni mwa Riyadh, kwa mfano, ambako watu hula kwenye baraza za wazi. Ya kati ni sweta la sufu au jaketi la flisi. Ya juu ni jaketi jepesi la kuzuia upepo, lenye kofia. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiacha nyumbani, na bila hiyo sweta halina kazi, kwa sababu upepo wa kaskazini hupita kwenye matundu ya ufumaji na kufukuza joto lote ulilolitunza.

Huna haja ya duka la bei. Karume, Gikomba na Kongowea hujaa majaketi ya mitumba ya nchi za baridi. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikipita kirahisi, upepo nao utapita. Lijaribu ukiwa umevaa sweta ndani, la sivyo zipu haitafunga ukifika. Kagua zipu hadi juu kabisa shingoni.

Kwa siku tano zinatosha fulana 4, mashati 2 ya mikono mirefu, sweta 1, jaketi 1, suruali ndefu 2, soksi jozi 5 (mbili kati yake ziwe nene), skafu 1 na taiti 1 ya kuvaa chini ya suruali. Jinzi iwe moja tu. Ni nzito na ikilowa haikauki.

Wenyeji wenyewe hubadilisha kabati. Kanzu nyeupe nyepesi hupisha za kitambaa kizito, za kahawia, kijivu au bluu iliyoiva, na usiku hutoka farwa, joho refu lenye manyoya ndani. Farwa ni nzuri mno. Ukinunua, ujue imejaza nusu ya begi.

"Baridi ni ya nje, ndani nitakuwa salama"

Nyumba nyingi za kule zimejengwa kwa ajili ya kupambana na joto: sakafu za marumaru na vigae, na viyoyozi. Hoteli kubwa haina shida, lakini kwenye nyumba ya jamaa au chumba cha kupanga, sakafu ya alfajiri hukata miguu. Beba soksi za kulalia na ndara za kufunika vidole. Kabla ya kuomba blanketi la pili, tazama rimoti ya kiyoyozi: ikiwa na alama ya jua, mashine hiyo hupasha pia.

"Mwanamke mgeni lazima avae abaya, mwanamume avae atakavyo"

Tangu viza ya utalii ilipoanzishwa mwaka 2019, wanawake wa kigeni hawalazimiki kuvaa abaya wala kufunika nywele, ila mavazi yawe ya heshima: mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane. Wanaume nao wana masharti yao. Kaptura msikitini au kwenye ofisi ya serikali ni kosa lenye faini. Ukichagua abaya, nunua pana inayopokea sweta chini yake.

"Saudia yote ni hali moja ya hewa"

Dhana hii huwaumiza zaidi wanaokwenda umra. Makka mwezi wa Januari mchana hugusa nyuzi 30 na usiku hubaki karibu 19. Madina, iliyo juu zaidi, hushuka hadi 12 alfajiri, na wengi hutembea kwenda sala ya Alfajiri saa hiyohiyo. Fungasha kwa ajili ya Madina.

Mwanamume aliye kwenye ihramu, yaani aliyevaa shuka mbili zisizoshonwa za ibada hiyo, hawezi kuvaa sweta, kofia wala soksi, lakini anaruhusiwa kujifunika blanketi mabegani bila kufunika kichwa. Shuka za ihramu za kitambaa cha taulo hutia joto kuliko za pamba laini, ingawa ni nzito kubeba. Mwanamke huvaa nguo zake za kawaida, sweta na soksi zikiwemo. Niqabu na glavu ndizo anazoziacha.

"Kwenda mchangani, kandambili zinatosha"

Mchanga wa juu hupoa upesi kama ulivyopata moto. Ukienda kupiga kambi Thumama, eneo la mchanga kaskazini mwa Riyadh, au kwenye magenge ya Tuwaiq yanayoitwa Ukingo wa Dunia, vaa viatu vya kufunika vyenye soli ya kushika, maana pale ni mawe na changarawe, na upepo wa ukingoni hauna huruma. Tandika mkeka au godoro jembamba kabla ya kukaa, kwa kuwa baridi nyingi hupandia chini. Ukikaa karibu na moto, vua jaketi la nailoni, kwani cheche moja hulitoboa. Mafuta ya mgando ya midomo na mikono yakae mfukoni, si kwenye begi: hewa kavu hupasua midomo siku ya pili tu. Mvua chache za mwaka nazo huweza kunyesha miezi hii, na mabonde makavu hujaa maji ghafla, kwa hiyo tazama utabiri kabla ya kuondoka, wala usipige kambi bondeni.