Je, wajua kwa nini si kila mtoto anaruhusiwa kumwogesha mzazi aliyepoteza kumbukumbu?

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita dimenshia, si sehemu ya kawaida ya uzee, ijapokuwa katika nyumba nyingi za Nairobi bado husemwa kwamba mzee "amezeeka tu", na muda mrefu hupita kabla hajapelekwa hospitalini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nao, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mara nyingi mgonjwa huanza kwa kusahau mambo ya jana na juzi, lakini baadaye hushindwa hata kufunga vifungo, kwenda chooni na kuoga bila kusaidiwa. Hapo ndipo huzuka swali la nani amshike, na mila huwa imekwisha kulijibu kabla daktari hajaulizwa.

Katika familia nyingi za Waluo na Waluhya, kwa mfano, heshima kati ya mama mkwe na mkwewe wa kiume ni kubwa kiasi kwamba mama hapaswi kulala wala kuoga katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Mashambani, ambako mama ana nyumba yake, sharti hilo hutimizwa bila taabu. Anapougua na kuletwa Nairobi, katika mtaa kama Umoja au Kayole, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala, choo kiko hatua mbili kutoka kwenye kochi ambalo mkwe amekalia akitazama taarifa ya habari ya saa moja, na ugonjwa wenyewe waweza kumfanya mama atoke bafuni bila nguo, asijue kuna nani mbele yake. Sijaona haki kumlaumu mkwe anayeondoka nyumbani jioni kwa ajili hiyo, wala binti anayebaki katikati.

Kwa baba mambo ni magumu vilevile. Katika jamii nyingi, binti kuona uchi wa babake ni fedheha, wengine wakihofia hata laana, naye mke wa mwana hujitenga na baba mkwe. Kazi humwangukia mke wa mzee, ambaye naye huenda ameshachoka mgongo na magoti. Kote duniani, kwa mujibu wa shirika hilohilo, wanawake hubeba asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa.

Hata hivyo, mila hizohizo zina mlango, nao ni utani wa babu na mjukuu. Mjukuu wa kiume aliyekomaa anaweza kumwogesha babu yake huku wakicheka, bila yeyote kuona haya, mradi asikatiziwe masomo. Mlezi wa kuajiriwa pia hafungwi na miiko ya ukwe, na familia inayomtafuta haijamtupa mzee wake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia pamoja na Serikali, bila kutaja ni mkono wa nani utakaoshika sabuni.

Yeyote atakayeshika kazi hiyo, inafaa amwogeshe mgonjwa akiwa ameketi, amefunikwa leso, akifunua na kuosha sehemu moja baada ya nyingine, huku akimweleza kwa upole kila anachotaka kufanya kabla ya kumgusa.