Uamuzi kwa ngazi: jinsi bakteria wa udongoni anavyokwepa kujifunga mapema

Uamuzi kwa ngazi ni namna ya kuamua ambayo jambo lisilotenguka huwekwa mwisho, baada ya hatua zinazoweza kutenguliwa. Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, huamua hivyo chakula kinapomwishia.

Silaha yake ya mwisho ni kugeuka spora, umbo lililolala linalovumilia ukame na hata maji yanayochemka. (Spora za ndugu yake, Bacillus cereus, ndizo hunusurika kwenye sufuria na kuharibu tumbo la aliyekula wali ulioachwa nje usiku kucha.) Lakini kuitengeneza huchukua kama saa 7 au 8, na seli mama hufa. Akiharakisha na chakula kikarudi, wenzake wanazaliana yeye akiwa amejifungia. Akichelewa, nguvu za kuijenga hana tena.

Kwa hiyo ishara ya njaa haiendi moja kwa moja. Vimeng'enya vitano (protini zinazoendesha kazi za kemikali), KinA hadi KinE, huanzisha ishara kwa fosfati, kipande kidogo cha kemikali, kinachopitishwa kwa protini Spo0F, kisha Spo0B, hadi Spo0A, protini inayowasha jeni. Urefu huo una kazi, kwa sababu njiani wamo wapingaji: protini za Rap humnyang'anya Spo0F fosfati, Spo0E humnyang'anya Spo0A, naye Sda humzuia KinA iwapo DNA ina hitilafu. Njaa peke yake haitoshi.

Kiasi nacho kina maana. Spo0A ikiwa imeamka kidogo tu, seli hujenga utando wa pamoja na kutoa sumu inayoua ndugu ambao bado hawajaanza safari hiyo, zikala kilichomo ndani yao. Ni ukatili, lakini hununua muda. Spo0A ikizidi, seli hujigawa kwa ukuta ulio karibu na ncha moja. Ukuta ukishasimama na jeni za pande zote mbili zikawaka, chakula kikirudi hakisaidii kitu.

Kwa binadamu, kosa la kawaida ni kutumia kipimo kimoja kwa maamuzi yanayotenguka na yasiyotenguka. Anayetaka kuacha kilimo ahamie mjini anaweza kukodisha shamba msimu mmoja. Hilo linatenguka, halihitaji vikao vingi. Kuliuza ni kujenga ukuta. Kabla ya hapo aandike ni dalili zipi zitamfanya auze, ipi moja ikitokea itamsimamisha, na nani nyumbani ana haki ya kupinga. Aziandike mapema, maana mnunuzi akishaweka fedha mezani kila dalili huonekana nzuri.

Kuna jambo la bakteria lisilofaa kuigwa. Katika njaa ileile baadhi ya seli huwa spora na nyingine hazigeuki, kwa kiasi fulani kwa bahati nasibu. Kwao hiyo ni busara: seli zinazokufa huacha nyuma ndugu wenye jeni zilezile. Mwenye shamba moja hana ndugu wa kumbebea hasara hiyo.