Cheo cha rubani hakiuzwi pamoja na Anaconda

Jumamosi iliyopita afande mmoja mstaafu, mtu wa Bombo, aliingia ukumbi wangu wa michezo ya kompyuta hata jenereta sijaiwasha. Hakungoja kiti. "Kocha, nimeuza Viper, nimeuza Cobra, nimeuza mpaka leza zake. Nimechukua Anaconda. Sasa nipandishe cheo." Hizo zote ni meli za angani za kwenye mchezo, na Anaconda ndiyo kubwa kati yao. Nikamwamkia, nikamwagizia chai, nikanyamaza. Alikuwa mtu wa nne mwezi huu kuniletea habari ile ile huku akingoja pongezi.

Kazi yangu ya jioni ni kuwafundisha watu kurusha meli za Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa mapigano na biashara angani, katika chumba chenye kompyuta sita hapa Kisenyi, Kampala. Wanakuja wanafunzi, watu wa boda, wachuuzi waliokwisha kufunga maduka. Wengi wana mikono myepesi kuliko yangu. Lakini imani walizobeba kuhusu vyeo vya mapigano zimenichosha, na hii ya meli kubwa imenichosha kuliko zote. Nitaanza nayo na sitaiachia upesi.

"Meli kubwa inapandisha cheo haraka"

Haipandishi. Mchezo ukihesabu alama zako za mapigano, hauulizi umepanda nini. Unauliza umemlipua nani: cheo chake kiko wapi kikilinganishwa na chako. Ukiwa na cheo cha kati, Competent, ukamwangusha rubani wa Deadly, cheo cha juu, mstari wako unasogea. Ukiwa Dangerous ukashinda asubuhi nzima ukilipua akina Harmless, wa chini kabisa, utafungua paneli ya kulia ukute asilimia ile ile uliyoiacha jana, kisha uje kuniuliza kama kompyuta yangu ina virusi.

Kuanzia chini mpaka Elite, vyeo ni tisa: Harmless, Mostly Harmless, Novice, Competent, Expert, Master, Dangerous, Deadly, Elite. Ukiwa chini, karibu kila unayekutana naye amekuzidi, kwa hiyo unapanda kama moshi. Ukiwa Deadly, waliokuzidi ni Elite peke yao. Ndiyo maana mtu anafika Expert kwa furaha, halafu anakwama na kuanza kutafuta mchawi. Mchawi hayupo. Katika kupanda cheo swali ni moja tu: kwa saa moja, unaweza kuwamaliza maharamia wangapi wa daraja lako au zaidi, bila kurudishwa kituoni ukalipie meli mpya?

Hapo ndipo Anaconda inapowaumbua. Chukua trela lililotoka Malaba na mzigo wake, uliingize Kikuubo saa sita mchana, umwambie dereva amfukuze boda. Trela lina nguvu, nani anabisha? Lina uzito, lina chuma. Boda atakuwa amepita uchochoro wa kwanza, amezunguka, yuko nyuma yako anakula muwa. Anaconda ina sehemu nane za silaha, moja ikiwa ya ukubwa wa juu kabisa, na ngao inayovumilia mengi. Lakini kugeuka haitaki. Haramia mwenye meli ndogo kama Eagle au Viper anakaa nyuma ya injini zako na silaha zako kubwa zinatazama nyota. Mteja wangu anafunga turuti ili zigeuke zenyewe, kisha analalamika kwamba hazina nguvu. Ndiyo, hazina. Turuti inalipia uvivu wako kwa kupunguza madhara.

Sasa hesabu ya mfuko. Anaconda tupu, bila kifaa cha maana ndani, ni kama krediti milioni 147, ndizo fedha za mchezo. Ukilipuka, bima inakudai asilimia 5 ya thamani ya meli, yaani zaidi ya milioni 7 kwa kifo kimoja, na hiyo ni kabla hujaivisha silaha. Vulture tupu, meli ndogo ya kivita, haifiki milioni 5. Soma tena: kwa gharama ya kufa mara moja ndani ya Anaconda, ungenunua Vulture nzima na chenji ikabaki. Afande aliponipa kalamu nimwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi ya chapati, alisema nimekosea sifuri. Sikukosea.

Wengine hunitajia mambo ya kale. Wamesikia kwamba Elite ni kulipua wengi tu, idadi ikitimia umefika. Ni kweli, ila si katika mchezo huu. Elite ya kwanza, ile David Braben na Ian Bell waliyoitoa mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro, ilihesabu kila uliyemlipua kuwa mmoja, na ukifikisha 6,400 umekuwa Elite. Hii tunayocheza ilitoka Desemba 2014 na haihesabu hivyo. Na hata katika ile ya zamani meli ya kurusha ilikuwa moja tu, Cobra Mk III. Hakukuwa na Anaconda ya kununua.

Nikiulizwa turushe nini basi, jibu langu linajulikana mpaka kwa mama wa chai: Vulture. Sehemu mbili tu za silaha, lakini zote kubwa, na inageuka kama mbuzi. Ubaya wake ni mtambo wa umeme, ambao ni mdogo mno kwa meli yenyewe, na mimi ubaya huo naupenda. Unamlazimisha mtu kuchagua kipi kiwake na kipi kizimwe silaha zikitoka. Rubani aliyejifunza kubana umeme ndani ya Vulture, siku akipanda meli ya kivita kubwa zaidi kama Fer-de-Lance anakuwa hatari. Aliyeruka darasa hilo anakuwa abiria.

Na hapa naingia kwenye ugonjwa wangu: pipu, yaani vipande vya umeme wa meli. Una pipu sita za kugawa kati ya ngao, injini na silaha, na hakuna sehemu inayopokea zaidi ya nne. Mchezo unakupa mbili mbili mbili, na nusu ya wateja wangu wanaziacha hivyo kuanzia pambano linapoanza mpaka wanapolipuka. Nina kipande cha mwanzi. Simpigi mtu, nagonga meza kila nikiona mbili mbili mbili. Mishale ya kibodi ndiyo kazi yake: kushoto ngao, juu injini, kulia silaha, chini kuzirudisha sawa. Adui anakuja uso kwa uso anakumiminia? Nne kwenye ngao, sasa hivi, kwa sababu pipu za ngao hazijazi tu, zinaifanya ngao yenyewe iwe ngumu zaidi kupigwa. Umemshika mgongo na hakuoni? Hamisha kwenye silaha. Unataka kupiga busti, ule msukumo wa ghafla, umkate kona? Injini. Kishale cha mwendo kikae ndani ya eneo la buluu, maana humo ndimo meli inageuka vizuri. Anayekimbia kwa mwendo wa mwisho anazunguka uwanja mzima huku mwenzake ameshamaliza kona. Leza zivue ngao, bunduki za risasi zitoboe bati. Hayo tu, mtu akiyafanya bila kufikiri, yanamtoa Competent kumpeleka Master ndani ya meli ambayo marafiki zake wanaicheka.

Sisemi Anaconda ni takataka. Iliyoboreshwa na wahandisi wa mchezo, ikarushwa na mtu anayejua pipu zake, inatisha. Ila mtu huyo hahitaji kunisoma. Afande alimaliza chai, akarusha Anaconda yake mpaka saa mbili usiku, akalipuka mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama kiti changu ndicho kibovu.

"Haramia mwenye fedha nyingi kichwani ana alama nyingi"

Fedha za kichwa, yaani zawadi ya kumlipua haramia anayetafutwa, ni daftari jingine. Zinaingia mfukoni, hazigusi cheo. Ile skana ya kutafuta madeni ya haramia katika himaya nyingine ni nzuri, mimi nayo ninayo, lakini inakuongezea krediti tu. Ukimaliza kuskani, macho yako yatazame kile kijicheo kilichoandikwa pamoja na jina lake.

Na ngojeni skani ya kawaida iishe kabla ya kufyatua! Kila wiki kuna mtu anapiga risasi kabla neno Wanted, yaani anatafutwa, halijatokea, anageuka yeye mhalifu, polisi wanamlipua, halafu anasema mchezo una ufisadi.

"Cheo kiko Hazardous"

Kiko popote penye maharamia wazuri. Kwenye miamba ya kuchimba madini kuna daraja mbalimbali za hatari, na Hazardous ndiyo ambayo polisi hawakanyagi. Kijana wa Makerere alinieleza kwamba polisi "wanamwibia" maharamia wake, ndiyo maana anakwenda huko. Mwanangu, yule polisi ndiye anayepigwa badala yako. Ukiwa High, daraja ambalo polisi bado wapo, tafuta meli kubwa ambayo polisi wameshaizonga, iumize nawe, na fedha ya kichwa chake unapata hata kama risasi ya mwisho si yako. Hazardous utaikuta palepale siku ngao yako ikitosha.

"Bila joystick hufiki"

Unafika hata bila mpini huo wa kurushia. Kibodi na mausi vinatosha, na kugawa pipu kwa kibodi ni kwepesi kuliko kwa kitu kingine chochote. Mtu mmoja aliagiza joystick kutoka Dubai, akaingoja wiki saba bila kucheza hata siku moja. Angekuwa Expert.

Kinachofanana na hili ni malalamiko kwamba silaha za gimbali, zile zinazomfuata adui zenyewe, "zimelewa." Hazijalewa, adui ametupa chaff, vipande vya kuzipotosha. Wateja wangu wanaiita chafu, na kweli inachafua shabaha. Ondoa kumlenga, silaha zitanyooka mbele, piga kwa jicho lako mpaka ipite.

"Ukilipuka cheo kinashuka"

Hapana. Cheo cha shirika la marubani hakishuki kamwe. Alama za mapigano zinaingia palepale adui anapopasuka. Unachopoteza ni vocha, yaani hati za fedha za kichwa, ambazo hujazigeuza fedha, na kama ulikuwa mpelelezi wa nyota, data ambayo hujaiuza, ambayo ndiyo ingekupa cheo cha upelelezi. Huyo ndiye mwenye haki ya kulia.

"Nataka Elite ili niingie Shinrarta Dezhra"

Basi mbona unapigana? Kibali cha mfumo ule wa nyota, pamoja na punguzo la bei katika kituo chake cha Jameson Memorial, unakipata kwa Elite ya biashara au ya upelelezi vilevile. Ya biashara inataka faida ya krediti bilioni moja, na mchuuzi wa Kikuubo hahitaji kocha wa kumwambia anunue wapi auze wapi. Na anayetaka meli ya Federal Corvette yuko kwenye ngazi nyingine kabisa: hiyo inadai awe Rear Admiral wa Shirikisho, kama Imperial Cutter inavyodai awe Duke wa Himaya, na ngazi hizo zinapandwa kwa kuzifanyia kazi serikali zile. Unaweza kuwa Harmless na ukawa Admirali. Afande alilifurahia sana hilo, sijui kwa nini.

"Solo haihesabiwi"

Solo, yaani kucheza peke yako, inahesabiwa sawasawa na Open, ambako wachezaji wanakutana. Aliyeanzisha uvumi huu nadhani alikuwa anatafuta watu wa kuwalipua. Kwa hapa kwetu ninawapeleka wote Solo, hasa wanaocheza nyumbani kwa data ya simu. Ukiwa Open kompyuta za wachezaji zinaongea moja kwa moja, na mmoja mwenye mtandao mbovu anawafanya wote mruke ruke kama panzi. Intaneti yenyewe utaihitaji hata ukiwa Solo, hakuna njia ya kuikwepa, na bando likikata katikati ya pambano unatoka mara moja. Umeme nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wenye kompyuta za mezani, kabla ya joystick, kabla ya Anaconda, nunueni betri ya akiba ya dakika kumi, na vocha zikijaa tueni mzibadilishe. Mimi mwenyewe natua kila baada ya nusu saa, na saa moja jioni, ule wakati taa za Kisenyi zinapoanza kupepesa, sianzi pambano jipya.