Spika kwenye kona ndo besi nzuri? Hapana

Imani iliyoshika sana ni hii, eti ukitaka besi nzito we sukuma spika kwenye kona ya sebule, na kweli besi inaongezeka, hilo sibishi. Ila inayoongezeka ni ile ya kuvuma tu, gitaa la besi linatembea noti tofauti we unasikia vuuum moja. Sauti nzito inasambaa kote hadi nyuma ya spika, ikigonga ukuta inarudi kujumlika na ile ya mbele, ukuta mmoja tu unaweza kuongeza mpaka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sasa kona ina kuta mbili pamoja na sakafu!! Vuta spika mbele, anza na sentimita 50 hivi, usikilize. Na usidhani ukizidi kuvuta ndo inazidi kuwa bora, koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) ikiwa mita 1 toka ukuta wa nyuma yake sauti inayorudi inakuwa imezunguka mita 2, na kwenye besi ya Hz 86 hivi (mitetemo 86 kwa sekunde) inakutana na ile ya mbele kinyume zinauana. Sogeza kidogo kidogo, wimbo uwe uleule.

Wengine wanajua stereo ni spika mbili popote pale, moja juu ya kabati la TV nyingine karibu na dari. Jamani hapana. Inatakiwa pembetatu, kama kati ya spika na spika ni mita 2 basi toka kila spika hadi unapokaa iwe mita 2 pia, na twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Ukipatia, mwimbaji anasikika katikati kabisa, pale ambapo hamna spika, raha sana.

Lazima zikutazame usoni? Sio lazima. Ukizigeuza kwa ndani ukuta wa pembeni unapigwa kidogo na mwimbaji anatulia katikati, ila twita zikikuchoma masikio zielekeze zikutane nyuma ya kichwa chako.

Halafu zile trei za mayai watu wanazobandika ukutani, hazizuii besi hata kidogo. Zulia na pazia zito zinapunguza mwangwi wa vigae, kwa sauti nyembamba tu. Kuvuma kwa besi dawa yake ni kuhamisha spika au sofa, hasa sofa lililogusa ukuta wa nyuma.

Na kabla hujasema spika mbovu, cheki waya. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana upande mmoja, koni moja inasukuma nyingine inavuta, besi inapotea. Zima amplifaya kwanza ndo uzigeuze.