Je, wajua kwa nini ushahidi haumtulizi anayeamini anaandamwa?

Januari 20, 1843, katikati ya London, fundi wa kukereza mbao kutoka Glasgow aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi ya mgongoni Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Inaelekea alidhani ndiye Peel mwenyewe. Alipohojiwa alieleza kuwa watu wa Tory, chama cha Peel, wanamfuata na kumtesa kila aendako. Tena alikuwa ameshakwenda kuwalalamikia wakuu wa mji wake, asipate msaada. Drummond alifariki, M'Naghten akaonekana hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili, na kanuni zilizotokana na kesi hiyo ndizo chimbuko la kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 13 cha Tanzania.

Wengi wakisikia kisa hiki husema huyo hakuweza tena kufikiri. Si kweli. Anayeamini anaandamwa hufikiri mchana na usiku. Anazo tarehe, anazo namba za magari, anakumbuka jirani alikohoa saa ngapi na nani alikuwa akipita. Mwonyeshe kwamba barabarani hakuna mtu, atakwambia wamejificha kwa kuwa wamejua unakuja. Ndugu hukesha wakimweleza, kisha wanachoka na kumwita mbishi. Jina hilo linamwonea. Linamwonea pia neno “hatari”: kisa cha M'Naghten ni nadra, na wengi wenye hali hii hujifungia ndani, huzima simu, hukataa chakula kilichopikwa na mwingine. Wanaogopa, basi.

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuyatia uzito mambo: hili linakuhusu, lishike. Fikiria mbwa wa ulinzi. Akibweka usiku, mwenye nyumba hutoka na tochi, kwani mbwa huyo hajawahi kumdanganya. Sasa mbwa kaharibika, anabwekea jani, paka, hata upepo. Mwenye nyumba anatoka, hamwoni mtu. Hasemi mbwa amekosea. Anasema mwizi kakimbia. Usiku wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, na wiki ikiisha ana hakika kuna genge linamzunguka. Kila hatua ya fikra zake ina mantiki, ila ishara aliyoanzia ni mbovu. Wewe unayembishia unabishana na mwenye nyumba, na mbwa bado anabweka.

Kuna sababu ya kulitilia maanani wazo hili, kwamba dopamini ndiyo mbwa aliyeharibika. Amfetamini, yaani dawa za kuchangamsha ambazo hupandisha dopamini, zaweza kumfanya mtu aliyekuwa mzima aanze kuona anawindwa. Mirungi ikitumiwa kupita kiasi nayo imehusishwa na hali hiyo. Dawa za saikosisi, yaani hali ya mtu kupotewa na uhalisia, kwa upande wake, huizuia dopamini. Lakini dopamini peke yake haielezi kwa nini mmoja anaona maadui na mwingine anaona neema. Hapo huingia woga wa siku nyingi, kuonewa, kukosa usingizi. Imani ya jamii nayo ina nafasi yake: anayesema amerogwa, mahali ambapo majirani nao wanaamini hivyo, hawezi kuhesabiwa mgonjwa kwa hilo tu.

Kujificha ndiko kunakoikomaza imani hii. Aliyejifungia mwezi mzima bila kudhurika huhesabu kwamba mlango ndio uliomwokoa, na hivyo hapati nafasi ya kujua kwamba hata nje angekuwa salama. Mwanasaikolojia Daniel Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walijenga tiba juu ya jambo hili hasa. Mgonjwa husaidiwa kutoka kidogo kidogo, dukani, kwenye basi, ajionee mwenyewe. Katika jaribio lao lililochapishwa 2021, karibu nusu ya waliopata tiba hiyo waliachana na imani ya kuandamwa, nao walikuwa watu ambao matibabu ya awali hayakuwaondolea imani hiyo. Mtaalamu hambishii mgonjwa, wala hakubaliani naye kwamba maadui wapo. Anaanza na kile mgonjwa mwenyewe anachotaka kipungue, mara nyingi hofu, mara nyingi usiku usio na usingizi.