Msitu mchanganyiko ni upi hasa?

Msitu mchanganyiko ni ule ambao miti ya majani mapana, kama mwaloni, inakua pamoja na miti ya majani sindano izaayo koni, kama msonobari, bila upande mmoja kuumeza mwingine. Katika hesabu za misitu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mpaka umewekwa kwenye asilimia 75 ya eneo linalofunikwa na matawi. Upande wowote ukivuka hapo, msitu huitwa kwa jina la upande huo. Usipovuka, ni mchanganyiko.

Mvinje huwachanganya watu wengi hapa. Ukiutazama kwa mbali utaapa ni ndugu wa msonobari, kumbe ni mti wa maua, na zile sindano zake ni vijiti. Chukua kimoja ukivute taratibu: kitaachana kwenye pingili, na pale kilipoachana utaona vimeno vidogo vimekizunguka. Vimeno hivyo ndivyo majani yake. Sindano ya msonobari haina pingili. Yenyewe ni jani zima lililovikwa nta. Kwa hiyo mivinje ikipandwa kati ya miembe haifanyi msitu mchanganyiko kwa maana hii.

Tena, kupukutika si kipimo. Mlariksi wa Siberia una sindano, na bado hubaki uchi majira ya baridi. Kwa upande mwingine, iko mialoni ya nchi za Mediterania ambayo ni kijani mwaka mzima. Kinachotenganisha makundi haya ni uzazi: mbegu ya msonobari hukaa wazi juu ya magamba ya koni, ya mwaloni imefungwa ndani ya tunda.

Misitu hii hupatikana hasa pale ambapo ukanda wa miti ya majani mapana unakutana na misitu ya sindano ya kaskazini yenye baridi kali, au kwenye miteremko ya milima. Mmoja unaonivutia sana ni wa milima ya Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, anakoishi simbamarara wa Siberia. Simbamarara huyo huwinda nguruwe mwitu, na nguruwe hunenepa kwa mbegu za msonobari wa Korea na matunda ya mwaloni. Msonobari huo hauzai sawasawa kila mwaka. Koni zikiwa chache, mwaloni unaweza kuziba pengo.

Hapo ndipo asilimia peke yake inapopungukiwa. Hekta moja ya sprusi tupu, mti mwingine wa sindano uzaao koni, ikipakana na hekta moja ya mwaloni mtupu, kwenye ramani utaandika nusu kwa nusu, yaani mchanganyiko. Lakini ndani yake kila mti umezungukwa na wa aina yake, na kwa maoni yangu huo ni ujirani tu. Mchanganyiko wenye kazi ni wa mti kwa mti, au kikundi kidogo kwa kikundi. Hapo sindano za sprusi, ambazo huoza polepole na kuacha udongo wenye tindikali, zinaangukia pamoja na majani mapana yanayooza upesi zaidi, na nyungunyungu wanapata chakula.

Mtihani mkubwa ni mbawakawa wa magome. Dume hutangulia kutoboa gome la sprusi, kisha hutoa harufu inayowaita wenzake. Mti wenye afya hujitetea kwa utomvu mzito unaomzamisha mdudu shimoni. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Ukame ulioanza mwaka 2018 uliikuta milima ya Harz, Ujerumani, ikiwa na mashamba makubwa ya sprusi iliyopandwa karibu yote kwa aina moja, na miteremko mizima ikageuka kahawia. Mbawakawa alitoka mti huu akaingia unaofuata. Katikati ya miti ya majani mapana angelazimika kusafiri zaidi, na harufu za majani hayo humvuruga anapoutafuta mti wake.

Kuchanganya hakumzuii kabisa. Huko Białowieża, msitu wa kale unaogawanywa na Poland na Belarus, mbawakawa hao hao waliua sprusi nyingi sana katika miaka ya 2010. Tofauti ni kwamba mialoni na mingine ya majani mapana ilibaki. Mashina ya sprusi yalisimama makavu, magome yakidondoka vipande vipande, na mwanga uliopenya pale matawi yake yalipokuwa ukaifikia miche ya majani mapana iliyokuwa ikingoja chini.