Flopi Yako Haijafa, Usiifomati

"Fundi, flopi hii imekufa, nifomatie tu." Maneno haya nayasikia hapa Kampala kutoka kwa makarani wa parokia, wahasibu wa shule na wanaodarizi nembo za sweta, na kila mara yananichoma. Kompyuta ikisema diski haijafomatiwa, haina maana kwamba data haimo. Maana yake ni kwamba chipu yake ya kontrola, inayoendesha draivu, haielewi inachokiona. Ukikubali kufomati, hapo ndipo unapoiua.

Kontrola za PC ni za ukoo wa NEC 765, ambayo Intel nayo iliiuza kama 8272. Mashine nyingi nyingine za enzi hizo zilitumia chipu za Western Digital kama WD1793 na WD1772. Hizi zinaweza kuweka sekta ya kwanza karibu sana na indeksi, yaani pale traki inapoanzia (traki ni duara la data kwenye diski, sekta ni kipande chake). Sasa 765, indeksi ikishapita, huwa kiziwi kwa muda mfupi. Matokeo yake sekta zote zinasomeka isipokuwa ya kwanza, traki baada ya traki. Ukungu hauchagui sekta namba moja, ndugu yangu! Halafu kuna diski za zamani zaidi zilizoandikwa kwa FM, mbinu ya zamani ya kuandika data: bodi nyingi za PC zina kontrola isiyoweza kuzisoma kabisa, hata draivu ikiwa nzima.

Kwa hiyo fungua kwanza kitundu cha kuzuia kuandika, kagua ukungu (ukiuona usiichomeke, utakwaruza hedi), kisha nakili kwa Greaseweazle. Kifaa hiki hurekodi mabadiliko ya sumaku yalivyo. Kuyatafsiri ni kazi ya programu baadaye.

Eti draivu ya USB inasoma flopi yoyote? Hapana. Nyingi zinajua MB 1.44 na KB 720 za PC, basi. Flopi ya Amiga ya KB 880 usijisumbue nayo huko.

Na wadarizi, acheni kuziba tundu la flopi ya HD (ile ya MB 1.44) kwa selotepu ili mpate KB 720 ya mashine zenu. Sumaku ya HD inahitaji nguvu zaidi kuandikwa. Leo itakubali, kesho mchoro haupo. Tafuteni DD halisi (flopi ya KB 720), au fungeni Gotek, kifaa kinachoiga draivu ya flopi, mtumie flashi. Ila angalieni jampa, kile kiunganishi kidogo kinachochagua namba ya draivu (DS0, DS1): kebo ya PC imesokotwa, ndiyo maana draivu zake huwekwa DS1, wakati mashine yenye kebo iliyonyooka mara nyingi hutaka DS0. Itazameni draivu ya zamani imewekwaje kabla hamjaitupa.